Moshi wa Bibi Zaina

Someni polepole, na mkimaliza msiwanyime wenzenu.

Palikuwa na kijiji milimani, kule ambako baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Jumbe wake aliitwa Shembilu. Mtu mwema, mchapa kazi, ila alikuwa na ugonjwa wa watu wenye akili: hakuweza kuona kitu kinakwenda vizuri bila kukitengeneza.

Kijijini pale palikuwa na moto mmoja usiozimika, jikoni kwa mama yake Jumbe, Bibi Zaina. Kila alfajiri wanawake walikwenda kwake kuchukua makaa ya kuwashia majiko yao. Sharti lilikuwa moja tu: usije mikono mitupu. Unachukua kaa, unaacha ukuni. Kwa hiyo kikongwe yule, ambaye miguu ilishamwacha, hakukosa kuni hata siku moja. Moto wa wote ulilishwa na wote.

Na midomo je? Nayo ilifanya kazi. Pale ndipo ilipojulikana nani ana homa, nani kagombana na mumewe, nani paa lake linavuja. "Mbona mke wa Kimweri hajashuka leo?" Bibi Zaina angeuliza, na kabla jua halijapanda mtu alishatumwa kwenda kubisha hodi.

Jumbe yeye alichoona ni wanawake wamechuchumaa wanapiga soga, mashamba yanawangoja. Siku ya gulio akanunua viberiti, akagawa kila nyumba.

"Kuanzia leo kila mtu awashe moto kwake," akatangaza. "Muda ni mali."

Watu wakapiga vigelegele. Cha bure hakikosi wa kukishangilia.

Bibi Zaina alipopewa cha kwake alikigeuzageuza mkononi. "Hiki kinawasha moto, sawa. Na kuni kinaleta?"

"Mama nawe! Kuni utaletewa. Watu si wapo?"

"Haya," akasema bibi. "Watu wapo."

Mwanzoni mambo yalinyooka, watu wakawahi shambani. Kisha ukafika wakati wa kuzibua mfereji unaonywesha kijiji kizima. Jumbe akapiga ngoma, wakaja wachache. Akaweka faini ya jogoo, wakaja wengi, na kila mmoja akazibua kipande kinachopita kwake, akaenda zake. Maji yakafia njiani.

Akaitisha mkutano. Alihubiri umoja mpaka koo likamkauka, na watu wakamtazama kama ng'ombe wanavyotazama mvua.

"Kipande cha Mama Kupaza ndicho kimeziba," akafoka. "Mumewe yuko kitandani tangu kupanda. Mbona hamkumsaidia?"

"Mgonjwa?" wakaulizana. "Ameanza lini?"

Ndipo Jumbe alipomkumbuka mama yake. Wanawake walikuwa wakimsikia. Akiwaita yeye, watakuja. Lakini alipojiuliza amekwenda lini kumwona, hakupata jibu. Zamani hakuhitaji kwenda. Kila aliyepita mlangoni kwake na kaa la moto alimletea salamu: "Mama kaamka salama, na anasema wewe ni mbishi kama baba yako." Siku hizi alikuwa akitazama tu ng'ambo ya bonde. Moshi unafuka juu ya paa la mama. Basi, mama hajambo.

Kijiji kizima kilitazama moshi uleule. Na wakajisemea, mama wa Jumbe huyo, mwanawe si anakwenda?

Jumbe akavuka bonde, akasukuma mlango. Moto ulikuwa unawaka, mdogo lakini safi. Bibi Zaina alikuwa chini, juu ya ngozi ya mbuzi, kando ya mafiga, amekonda kama ufito.

"Umekuja kuchukua moto?" akauliza bila kufungua macho.

"Ni mimi, mama. Nimekuja kukaa nawe."

"Utakalia nini? Kigoda nilikichoma juzi."

Jumbe akatazama huku na huku. Kitanda hakipo. Kinu hakipo, wala mchi. Gunia la mahindi alilompelekea lilikuwa limejaa vilevile, atayatwangia wapi? Na katikati ya mafiga, ukiungua taratibu, ulikuwa mguu wa kitanda alichozaliwa yeye Shembilu.

Moshi aliokuwa akiutazama kila asubuhi akaridhika, ulikuwa ni nyumba ya mama yake ikiteketea kipande kwa kipande.

"Mama! Si nilikupa kiberiti? Kwa nini hukuuacha uzime, uwashe wakati wa kupika?"

"Wangekuja wakakuta umezima," akasema bibi. "Ningewapa nini?"

Kiberiti kilikuwa dirishani. Hakikuwahi kufunguliwa.

Alimbeba mgongoni mpaka kwake, akamfunika mablanketi yote ya nyumbani. Lakini ile haikuwa baridi ya kutolewa na blanketi. Alikufa kabla mvua hazijaanza, akiuliza nani hajashuka leo.

Siku ya mazishi walikuja wote. Bila kuambiana, kila mwanamke alikuja na ukuni kichwani. Wakatua mlangoni kwa Bibi Zaina, rundo likapita dirisha. Kuni kavu, nzuri, za kuchagua. Marehemu angezipenda.

Mama Kupaza akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Jumbe, hizi tuziweke wapi?"

"Ziingizeni ndani. Palepale mlipokuwa mkiziweka."

Akatangulia yeye kuingia. Alipiga magoti kwenye mafiga, akatia kiganja katika jivu, akapapasa, akatafuta kaa moja tu lililo hai. Jivu lilikuwa baridi, halina joto hata la kumdanganya mtu. Kiberiti kilikuwa palepale dirishani, karibu na mkono wake. Wanawake walisimama na kuni zao, wakimtazama, na hakuna aliyemwambia akichukue.

Funzo: Watu hawaunganishwi na ngoma, faini wala hotuba, wanaunganishwa na shida ndogondogo zinazowafanya wabishiane hodi kila siku, kwa hiyo ukiziondoa zote usishangae ukibaki na mlango usiobishwa. Na ukiona moshi kwa jirani usiseme hajambo. Ingia, ukaone anachoma nini.