Darasa la Mistari Elfu Nne

Gogo kubwa halimalizwi kwa hasira. Humalizwa na mtu anayebandua kibanzi leo na kingine kesho, bila kuona haya kwa udogo wa vibanzi vyake.

Katika chumba cha watengenezaji programu wa hospitali, gogo lenyewe lilikuwa darasa moja. Darasa, katika kazi yao, ni fungu la maagizo linalopaswa kushughulikia jambo moja. Hili lilishughulikia yote: lilisajili wagonjwa, lilihesabu vitanda, lilitafuta damu kwenye majokofu, hata ripoti lilichapa. Mistari elfu nne, imesokotana kama nywele zisizojua kitana. Kiunzi kilicholibeba, yaani programu ya msingi ambayo mfumo wote ulijengwa juu yake, kilikuwa kimechakaa, na waliokitengeneza walitangaza kwamba baada ya miezi mitatu hawatakiziba tena matundu ya usalama.

Mkuu wa idara hakumung'unya maneno. "Msipohamia toleo jipya la kiunzi kabla ya siku hiyo, mfumo nauzima. Wauguzi watarudi kwenye madaftari."

Maneno hayo yalimchoma fundi mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye wenzake walimbandika jina la Bi Taratibu. Dada yake alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na enzi za madaftari alizikumbuka vyema: kukimbia korido tatu kutafuta mfuko wa damu, huku mzazi anafifia kitandani.

"Nipeni wiki moja," alisema Radi, mwenzake aliyepewa jina kwa kasi ya vidole vyake. Akalibeba darasa zima, akalitia kwenye toleo jipya kwa mkupuo mmoja. Skrini ikawaka nyekundu: makosa mia tisa. Akirekebisha moja, yanazuka matatu. Wiki ikawa tatu, na mkuu akaamuru warudi mwanzo.

"Sasa niachieni mimi," Bi Taratibu akasema. "Kila siku nitang'oa kazi moja tu, niipe darasa lake. Kabla sijaigusa, naandika jaribio la kushuhudia inavyofanya sasa. Jaribio likikubali, nasonga. Likikataa, narudi hatua moja, si mia tisa."

Radi akaangua kicheko. "Dada yangu, gogo hili utalipasua kwa wembe?"

"Shoka lako liko wapi, kaka?"

Chumba kizima kikacheka, isipokuwa Radi.

Wiki ya sita, Bi Taratibu aling'oa kazi ya kuchapa ripoti. Jaribio la damu likakataa. Kuchapa na damu, wapi na wapi? Alifuatilia uzi huo tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka akaona. Mtu fulani, miaka mingi nyuma, alificha ndani ya kuchapa agizo la kuondoa damu iliyopitwa na muda. Ripoti ya asubuhi isipochapwa, damu iliyoharibika inabaki kwenye orodha kama nzima.

Akamwita Radi. Radi alisoma, akasoma tena, kisha akaketi.

"Mimi sehemu ya kuchapa niliifuta siku ya kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Niliiona takataka. Yale makosa mia tisa yangeisha, tungeshangilia, na damu mbovu ingebaki kwenye orodha."

Bi Taratibu hakumsimanga. "Ndiyo maana nakata kidogo, nione ninachokikata."

Kesho yake Radi alivuta kiti karibu naye. Msamaha hakuuomba kwa maneno. Aliuliza tu, "Leo tunatoa ipi?"

Zikiwa zimebaki siku nane, simu ya Bi Taratibu iliita. Alikuwa dada yake, sauti imejaa wahka.

"Mdogo wangu, mnahama lini? Tumeambiwa tuandae madaftari."

"Tumehama jana asubuhi, dada."

"Jana? Jana mchana si nimetafuta damu, nikaipata palepale?"

"Ndiyo hiyo."

Upande wa pili dada akashusha pumzi ndefu. Bi Taratibu akaligeukia darasa lile kuukuu. Lilikuwa limebaki jina tu, ndani hamna hata mstari mmoja. Akamsogezea Radi kibodi.

"Lifute wewe, kaka."

Radi akabonyeza mara moja, na safari hii hakuna kilichovunjika. Ama kweli, bandubandu huisha gogo.