Kiboko na Vyandarua vya Bondeni

"Haya, mliokaa mmekaa?"

"Tumekaa!"

"Niseme, nisiseme?"

"Sema!"

Basi palikuwa na bonde, na mwenyekiti wa bonde alikuwa Kiboko. Nikimtaja tu napandwa na hasira, lakini nitamtaja.

Kila nyumba ilikuwa imepewa chandarua chenye dawa. Kiboko naye akasia mpunga, akaona kwelea wanadonoa mbegu kitaluni. Akaingia kwa Nyani, akachomoa chandarua, vuup! Akaingia kwa Ngiri, vuup! Akaingia kwa Digidigi, mwenye mimba yake ya kwanza, vuup! Akavishona vyote pamoja, akafunika kitalu chake.

"Na sisi tutalala vipi, Mwenyekiti?" akauliza Digidigi.

"Mbona mimi mbu hawanisumbui?"

Sikieni jibu hilo! Lijitu lenye ngozi nene vile linamjibu hivyo mama mjamzito!

Nyani alikuwa na homa. Nziii, mbu wakamfyonza. Zikapita siku kumi na kitu, vijidudu vya homa vikakomaa ndani ya mbu. Nziii, mbu wale wale wakamuuma Ngiri, Ngiri akalala chini. Nziii, wakamuuma Digidigi, Digidigi akaanza kutetemeka.

Kiboko akatangaza, "Homa hii inaletwa na kunyeshewa. Acheni kutembea kwenye mvua!"

Nguchiro, jirani yake Digidigi, akampeleka zahanati. Muuguzi Korongo akamtoboa kidole, akapima.

"Ni malaria, mwanangu. Na damu yako imeshuka sana. Malaria inakula damu, na mtoto tumboni anaitaka damu hiyo hiyo. Dawa nakupa. Lakini ukilala tena bila chandarua utaumwa tena, na hapo mtoto siwezi kukuahidi."

Digidigi akalia. Nguchiro hakulia, akainuka na hasira zake. Nambieni, kati ya mpunga na mtoto, kipi kifunikwe?

"Mtoto!"

Kumbe mnajua! Na hamjawahi kuwa wenyeviti!

Nguchiro akaenda kitaluni, tapu tapu tapu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Una nini?"

"Nimesikia wakaguzi wanakuja. Kwa kila chandarua watakachokikuta juu ya kitanda chenye mtu, mwenyekiti anapewa vipya viwili."

Uongo mtupu, lakini masikio ya Kiboko yakasimama.

"Viwili?"

"Viwili."

"Vyangu?"

"Vyako peke yako."

"Wanakuja lini?"

"Hawasemi siku. Wanapenda kushtukiza."

Mnatujua sisi. Mkaguzi akisikika tu, hata choo kibovu kinapakwa chokaa. Kiboko akakimbia, tifu tifu tifu, akafumua ule mshono wote. Akaingia kwa Nyani: "Tundika! Lala ndani!" Kwa Ngiri: "Tundika! Lala ndani!" Kwa Digidigi: "Tundika! Nikikukuta nje nakufukuza bondeni!" Ikawa kila jioni anapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha.

Wiki ikapita. "Wakaguzi?" "Wako njiani, Mwenyekiti." Mwezi ukapita. "Wakaguzi?" "Wako njiani." Kwelea wakamaliza mbegu zote. Digidigi akamaliza dawa, damu ikapanda polepole, akajifungua mtoto mdogo mno, lakini mwenye kilio cha kusikika hadi ng'ambo ya bonde.

Kiboko akaitisha mkutano. "Homa imepungua! Mnaona ninavyowapigania? Makofi!"

Digidigi akamkumbatia mwanawe, akamgeukia Nguchiro. "Nimpigie makofi huyu? Huyu?"

"Piga, dada," Nguchiro akanong'ona, meno ameyauma. "Akinuna atavichukua tena."

Digidigi akapiga makofi, machozi yanamtoka.

Hadithi nimeitua hapa, mwenye nguvu aibebe. Na funzo lake, wanangu? Mshukuruni sana kiongozi mlafi. Asingekuwa mlafi, Nguchiro angemdanganya kwa kitu gani?