Ndoto za Mama Sangiwa

"Ndoto moja iliyopata hufunika mia zilizokosa." Mmeisikia leo msibani, mzee alipomkatiza yule jirani aliyekuwa akisimulia jinsi alivyokiota kifo cha marehemu, nanyi mmeniuliza imetoka wapi. Ilitoka Kwamhande, kijiji cha wachimbaji wa vito kule milimani, na chanzo chake ni mama mmoja aitwaye Nakijwa.

Nakijwa alikuwa mjane, mkimya, mwenye mtoto mmoja tu, Sangiwa, ndiyo maana watu walimwita Mama Sangiwa. Asubuhi moja aliamka akamwambia jirani kwamba amemwota dada yake amesimama mlangoni, hataki kuingia. Jioni ikaja habari kwamba dada amefariki mjini. Tangu siku hiyo hakuachwa. Aliyepotelewa na ng'ombe alikuja kwake, aliyesafiriwa na mume alikuja, hata mgonjwa alitaka kujua kama atapona. Yeye hakujitangaza wala hakupokea chochote. Ila moyoni aliamini kwamba Mungu amempa jicho la pili, na imani hiyo ilimpunguzia upweke.

Aliyemwamini kuliko wote alikuwa Mwalimu Mshana wa shule ya kijiji. Huyu alitaka dunia nzima ijue. Alimwandikia barua mkufunzi wake wa zamani chuoni, na mkufunzi akamjibu kwamba wataalamu wamewapima watu wa namna hiyo miaka mingi, katika nchi nyingi. "Sisemi haiwezekani," aliandika. "Nasema kila walipohesabu zote, zilizopata na zilizokosa, hapakubaki kitu cha kushika. Andika kila ndoto kabla hujajua mwisho wake. Na zilizokosa uziandike kwa wino uleule." Mwalimu akanunua daftari, akawa anapita kwa Mama Sangiwa kila asubuhi kabla ya kengele ya shule. Miaka mitatu aliandika.

Mwaka wa mvua nyingi, siku ya Alhamisi, shimo la kuchimbia vito liliporomoka. Ndani walikuwamo watu watatu, na Sangiwa, wakati huo kijana mchimbaji, mmoja wao. Shimo lile liligawanyika njia mbili chini, moja ikielekea mlimani, nyingine bondeni, na zote mbili zilikuwa zimezibwa na kifusi. Waokoaji walikuwa wachache na sehemu yenyewe nyembamba. Ilibidi wachague njia moja.

Nakijwa alikuwa ameketi kwenye matope karibu na mdomo wa shimo tangu asubuhi, hajala. Mchana usingizi wa uchovu ukamchukua kidogo. Alipozinduka alisema amemwona mwanawe katika njia ya mlimani, amekumbatia magoti, anamwita. Watu wakashika sululu.

Mzee Mgonja, msimamizi wa shimo, akawazuia. "Mimi ndiye niliyewapanga leo," alisema. "Niliwatuma bondeni wakaongeze magogo ya kushikilia dari. Tuchimbe bondeni."

Wakamtazama kama mtu anayemtakia mabaya mtoto wa mwenziwe. Naye akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, wewe ndiye unayeandika. Mama huyu hupata mara ngapi?"

Mwalimu Mshana alilijua jibu. Kurasa zilikuwa zimemwambia zamani, naye alikuwa akizifunika haraka kila alipozifikia. Akamwona Nakijwa anamtazama, macho yamemtoka.

"Alimwona dada yake," akasema.

Basi wakachimba njia ya mlimani. Walichimba siku ile, usiku wake, na siku iliyofuata mpaka jua linazama. Njia ilipofunguka ilikuwa tupu, hata alama ya mguu haikuwamo. Wakahamia bondeni, wakawafikia asubuhi ya Jumamosi. Wawili walikuwa wamekwisha kupoa. Sangiwa alikuwa bado na joto, lakini pumzi haikuwamo. Alikuwa ameshika jiwe, na ukuta uliokuwa mbele yake ulijaa alama za kugonga.

Nakijwa hakulia mbele za watu. Alimwosha mwanawe uso kwa upindo wa kanga yake, taratibu, kama alivyomwosha alipokuwa mdogo.

Baada ya arobaini alituma aitwe mwalimu, aje na daftari. Akamwomba asome yote, asiruke hata moja. Mwalimu akasoma. Ng'ombe aliyeonekana msituni, akapatikana kwa jirani. Mgonjwa aliyeonekana akicheka, akazikwa wiki ile. Mama alikuwa amezisahau zote. Alizisikia kama ndoto za mtu mwingine. Kati ya ndoto sitini na moja, nne tu zilikuwa zimelingana na yaliyotokea.

"Na dada yangu?" akauliza. "Ile haimo, ilikuwa kabla yako."

"Haimo. Lakini ulinisimulia mwenyewe kwamba aliugua miezi minne. Katika miezi hiyo ulimwota mara ngapi?"

Nakijwa akahesabu, akikunja vidole kimoja kimoja. "Mara tisa," akasema. "Mara nane kesho yake alikuwa hai."

Kisha akamuuliza kwa nini siku ile hakusema. Mwalimu akajibu akiwa ameinama, "Nilitaka iwe kweli, mama."

"Hata mimi," akasema Nakijwa. "Mimi nilitaka kuliko wewe."

Mwalimu aliomba uhamisho, hakuonekana tena Kwamhande. Mama Sangiwa alibaki. Miezi michache baadaye alikuja mwanamke kutoka kijiji cha mbali, mumewe amepotea, akamsihi amwotee japo usiku mmoja tu. Alikuwa amesikia habari za dada aliyesimama mlangoni. Za njia ya mlimani hakuna aliyemsimulia. Nakijwa alimkaribisha uji, akamwonyesha njia ya kwenda kituo cha polisi. Alipoona mgeni hainuki, bado anamngoja, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Nenda, mwanangu. Ndoto moja iliyopata hufunika mia zilizokosa. Yangu ilimfunika na mwanangu."

Watu wameibakiza nusu ya kwanza. Nusu ya pili hawakuweza kuisema.