Uhamisho Mmoja wa Ndelwe

YAH: KUTOAMKA KWA KOMPYUTA YA KITUO CHA HALI YA HEWA NDELWE LICHA YA KUCHOMEKEWA FLASHI ILIYOIDHINISHWA

Hicho kilikuwa kichwa cha barua ya kituo kwenda makao makuu, na barua yenyewe haikuwa ndefu kuliko kichwa chake. Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, niwasimulie kisa chake, kisha mnisaidie kazi iliyowashinda wenyewe.

Ndelwe ni kilele cha mlima chenye ukungu, kipima mvua, kompyuta na watumishi watatu. Anayepangiwa kazi huko husahaulika huko. Kila mmoja wa hao watatu alikuwa na kipaji chake, na upweke wake.

Masunga, fundi wa jenereta, mikono yake ilikuwa na akili. Angekipapasa kitu kibovu gizani akakwambia kinaumwa wapi. Kila asubuhi aliiamkia jenereta kwa Kisukuma, "Mwangaluka!", kwa kuwa mlima mzima hapakuwa na mwingine wa kumwelewa. Jenereta ikinguruma, alichukulia kwamba ameitikiwa.

Bi Sihaba, mtunza kumbukumbu, alikuwa na kipaji cha kusoma mpaka mwisho. Alisoma maandishi madogo ya nyuma ya tiketi, na onyo la kwenye mfuko wa sabuni. Mwanawe analelewa na bibi yake huko Wete, Pemba. Kwenye simu mtoto humwita "shangazi", na bibi humsahihisha kwa mnong'ono, akidhani simu haisikii.

Nyamhanga, mkuu wa kituo, kipaji chake kilikuwa kuomba. Angemwomba mtu kiti alichokikalia, akapewa pamoja na mto wake. Amejenga nyumba Tarime, na hajawahi kulala ndani yake hata mara moja. Anaijua kwa picha anazotumiwa na mwashi.

Basi kompyuta ilipogoma kuwaka, makao makuu yakaleta flashi yenye mfumo wa kuiamsha upya, pamoja na maneno haya: "Mtumishi atakayefanikisha zoezi hili atapewa uhamisho wa kwenda mjini. Nafasi ni moja; jina lake litumwe kwetu."

"Wameandika mtumishi," Bi Sihaba akasema. "Si watumishi."

"Wewe endelea kusoma, Bi Sihaba," Masunga akamjibu. "Watu huhama kwa mikono, hawahami kwa macho."

"Jamani, tusihame kabla haijawaka," Mkuu akasema, lakini macho yake yalishafika Tarime.

Wakaichomeka flashi. Kimya. Kompyuta haikujua hata kama imeguswa.

Masunga akaichomoa, akaipitisha vidoleni, akatabasamu kwa huzuni. Mdomoni mwa flashi mlikuwa na rangi nyeupe. Mnajua tena kanuni: mali ya umma ikipokelewa, lazima ipakwe namba. Ndelwe ndoo ina namba, ufagio una namba, na jiwe la kuzuia mlango lina namba. Flashi ilikuwa fupi, namba ilikuwa ndefu, rangi ikaingia ndani.

"Nani huyo kapaka huku?" Bi Sihaba akauliza.

"Mimi," Masunga akakiri.

"Na nani kaagiza?"

Wote wawili wakamgeukia Mkuu.

"Kanuni," Mkuu akasema. "Kanuni ndiyo iliyoagiza."

Masunga akachukua sindano na spiriti, akaikwangua ile rangi bila kuukwaruza mstari hata mmoja wa shaba. Aliporudisha flashi mahali pake, kitaa chake kikapepesa. Bila mikono ya Masunga, wangekuwa wamechomeka kipande cha bati.

Lakini kompyuta iliiona flashi, ikaipita. Ikarudi kuhangaika na diski yake iliyokufa.

Hapo ikawa zamu ya Bi Sihaba. Kompyuta inapoanza kuwaka hupita sentensi moja chini ya kioo, upesi kama mdaiwa. Wenzake walikuwa wameiona siku zote, yeye akaisoma. Ilisema ni kitufe gani kibonyezwe. Akakibonyeza, akaingia kwenye mipangilio.

"Usiguse humo!" Mkuu akapaza sauti. "Hiyo mali ya serikali."

"Na mimi wa nani, Mkuu?"

Akasoma kurasa zote, hata zile za saa na feni. Akakuta diski imepangwa kutangulia, flashi ya mwisho, na juu yake pana kufuli linalokataa mfumo wowote mgeni. "Ndiyo maana," akasema. "Inamsubiri maiti afungue mlango, na mgeni yuko nje anabisha." Akaitanguliza flashi, akalifungua kufuli. Bila macho ya Bi Sihaba, flashi safi ingebisha hodi mpaka leo.

Kompyuta ikaigeukia flashi, ikaichunguza, ikatangaza kwamba haikuona humo cha kuanzia.

Bi Sihaba akasoma tangazo lote na kuwafafanulia: huko makao makuu wamelitupia faili la mfumo humo zimazima, kama mtu anavyohifadhi picha ya harusi. Lilitakiwa liandikwe kwa programu maalumu, kwenye kompyuta nzima. Kompyuta nzima ya karibu ilikuwa bondeni, shule ya wasichana, kwa mwalimu mkuu asiyemwazima mtu hata chaki.

Nyamhanga akaifunga flashi kwenye nailoni, akaiweka ndani ya kofia, akateremka mlima na mvua yake. Alirudi ameloa, flashi imeandikwa upya, na mkungu wa ndizi begani.

"Ulimwambiaje yule mama?" Masunga akashangaa.

"Nilimwambia nimekuja kumsalimia tu. Nikamsalimia mpaka akaniuliza mwenyewe nina shida gani."

Bila ulimi wa Nyamhanga, wangekuwa na mlango wazi, na mgeni asiye na mzigo.

Wakaichomeka. Kompyuta ikawaka. Wakapiga kelele, wakakumbatiana, kisha wakaachiana polepole, kila mmoja akitazama upande wake. Mjini kuna basi la Tarime. Mjini kuna ndege ya Pemba. Mjini kuna Wasukuma wa kuitikia salamu.

"Mimi ndiye niliyeanza," Masunga akasema.

"Ulianza kwa kuharibu, baba," Bi Sihaba akasema.

"Kwa amri ya nani?"

"Mimi nimenyeshewa," Mkuu akasema.

"Mwanangu ananiita shangazi," Bi Sihaba akasema taratibu. Wenzake wakaanza kumenya ndizi.

Haya, wewe unayenisikiliza. Ungemwandika yule aliyeondoa kosa alilolitia mwenyewe kwa amri ya mkubwa wake? Ungemwandika aliyesoma yale ambayo wenzake waliyatazama tu? Au aliyeleta kilichokosekana, na ndiye aliyeagiza rangi? Na ukishamwandika mmoja, wale wawili utawaambia nini asubuhi? Uamuzi ni wako, ungeandika jina la nani?

Wao waliandika majina yote matatu, wakayatuma kwa kompyuta ile ile. Makao makuu yakaona majina matatu kwa nafasi moja, yakaridhika tu kwamba kompyuta ni nzima na inafaa mjini. Gari likapanda kutoka mjini, likachukua kompyuta, likateremka nayo, na watumishi wote watatu wakabaki Ndelwe.