Hakuna Pembe, Mama

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti zimelegea, na ugali wote mmeumaliza nyinyi? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Mbwana, acha kuchokoachokoa moto.

Zamani hizo, mtama ulipokuwa mrefu kupita paa la nyumba, palikuwa na ndege akiitwa Kwale. Kwale alikuwa mama, lakini mama wa majonzi. Alitaga mayai, nyoka akayala. Akataga tena, akaangua, nguchiro akaja akabeba vifaranga wote. Akataga tena, na safari hii akabaki na mmoja tu, binti mwenye doa jeupe kichwani. Akamwita Kidoa.

Mama Kwale hakupata usingizi. Akimtazama Kidoa anakula, anaona kifo chake. Akimtazama anacheka, anaona kifo chake. Akajiambia, "Huyu naye akienda, mimi nabaki na nani?"

Basi akaamua kumfundisha. Kwa ukucha wake akachora mchangani.

"Hii ni pembetatu. Hesabu pembe, mwanangu."

"Moja, mbili, tatu."

"Huyo ni mwewe akishuka, mabawa kayakunja. Ukimwona, kimbia!"

Akachora mraba. Kidoa akahesabu, "Moja, mbili, tatu, nne."

"Hilo ni sanduku la binadamu. Kimbia!"

Akachora duara. Kidoa akalizunguka, akalizunguka tena, wapi! "Mama, hili halina pembe!"

"Hilo ni duara. Kiota chetu ni duara, ndimo nilimokulalia. Ukiona duara, ingia."

Wakatunga wimbo wao, Kidoa anaita, mama anaitikia. Sasa mimi ni Kidoa, nyinyi ni mama. Sawa?

— Sawa!

Pembe tatu, mama!

— Kimbia!

Pembe nne, mama!

— Kimbia!

Hakuna pembe, mama!

— Ingia!

Hivyo hivyo. Asubuhi wimbo, mchana wimbo, jioni wimbo. Kidoa akaukariri mpaka akawa anauimba usingizini.

Siku moja Kidoa anadonoa mchwa uwanjani, kivuli kikapita chini. Akakitazama. Moja, mbili, tatu. Pembe tatu, mama!

— Kimbia!

Akakimbia, akajitosa kichakani. Mwewe akaambulia vumbi. Mama Kwale akamkumbatia mwanawe kwa mabawa yote mawili, akalia. Siyo kwa furaha, wanangu. Alilia kwa sababu ilikuwa karibu mno.

Siku nyingine Kidoa akaona sanduku shambani, limegeuzwa kifudifudi, upande mmoja umeinuliwa na kijiti, chini yake mtama umemwagwa. Mtama mweupe, unang'aa! Njaa inamuuma. Akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Pembe nne, mama!

— Kimbia!

Akakimbia na njaa yake.

— Afadhali! Angenaswa!

Ndiyo, Saumu, angenaswa. Jioni ile jirani yao, Nungunungu, akapita akawakuta wanaimba. Akasimama. "Mama Kidoa, wimbo wenu mtamu. Lakini nikuulize, shimo la nyoka lina pembe ngapi?"

Mama Kwale akakumbuka. Nyoka aliyekula mayai yake alitoka kwenye shimo, na shimo lile alilijua. Lilikuwa duara. Moyo ukampasuka, kisha hasira zikampanda. "Wewe mwili mzima umejaa miiba, mimi nina nini? Nina wimbo tu. Niachie wimbo wangu!"

Nungunungu akaenda zake. Mama Kwale akasema moyoni, nitaurekebisha Kidoa akikua. Sasa hivi bado mdogo, nitamchanganya. Na kusema kweli, alihitaji pawe na mahali pamoja duniani ambapo mwanawe anaweza kuingia bila kuogopa.

Mwenye shamba naye alikuwa amechoka kuliwa mtama wake. Alipoona sanduku halinasi kitu, akachukua uzi wa katani, akafunga kitanzi, akakitandaza njiani, akakifunga kwenye ufito uliopindwa. Akanyunyiza mtama katikati.

Kidoa akaja. Mama yake yuko ng'ambo ya majani, anachakura. Hawaonani, wanasikiana tu.

Kidoa akaona mtama, lakini hakukimbilia. Mtoto mwenye adabu ya kusoma! Akakizunguka kitanzi pole pole, anatafuta pembe. Akarudia kuzunguka. Hana haraka. Kisha akaimba kwa sauti ya mtoto aliyepata jibu:

Hakuna pembe, mama!

— Ingia!

...

Mmeitikia, eeh? Na mama yake aliitikia hivyo hivyo, kwa mazoea, bila kuinua kichwa. "Ingia!"

Akaingia.

Ufito ukafyatuka. Mama Kwale akaja mbio, akaona uzi shingoni mwa mwanawe. Akaudonoa. Akaudonoa mpaka mdomo ukatoka damu, katani ni katani. Nyayo za mwenye shamba zikasikika zinakuja. Mama Kwale akaruka, na alichobaki nacho ni unyoya mmoja mweupe.

— Shangazi, alirudi? Kidoa alirudi?

Hakurudi, Saumu.

Ndiyo maana kwale hulia mashambani jua likizama. Mkisikiliza mtamsikia anahesabu, anafika mahali anakatisha, anaanza upya. Anatafuta pembe kwenye lile duara mpaka leo.

Kwa hiyo nyinyi jifunzeni. Pembetatu mzijue, miraba muijue, mhesabu vizuri kama Kidoa, maana alihesabu vizuri, msije mkamcheka. Lakini umbo halisemi nani kaliweka pale, wala anataka nini. Hilo mtu aulize kabla ya kuingia, na anayefundisha asikubali mtoto aingie kabla hajauliza.

Ngano yangu nimeiacha hapohapo njiani, kwenye ule mtama. Mbwana, sasa unaweza kuchochea moto.