Shoka Katika Miezi ya Kulea

Sogeeni karibu, na kila mtu aje na akili yake, maana hadithi hii mimi nitaishika mwanzo tu. Mwisho wake mtaushika nyinyi.

Kisiwani Pemba, kijiji cha Mkungwini, walikuwako watu watatu, kila mmoja na lake. Bi Mize alikuwa na jicho. Akisimama chini ya mti alijua popo gani wamelala juu, madume au mama wenye watoto. Faki alikuwa na mkono. Mti alioukata uliangukia pale pale alipokusudia. Shaame, mtoto wa mama mdogo wa Mize, alikuwa na ulimi. Mtu angemjia amevimba kwa hasira, akaondoka anacheka.

Wakati huo msitu wa kijiji ulikuwa taabani. Watu walikata ovyo, wakawatega popo kwa nyavu na kuwala, mpaka popo wakahama. Kumbe popo ndio waliokuwa wapandaji: hula tunda huku, mbegu wakaiangusha kule. Walipoondoka, miche haikuota tena, na chemchemi ikageuka tope.

Basi watatu hao wakashikana. Mize akapanda mikuyu, akaonyesha miti mikongwe ya kuachwa, hata ile iliyodharauliwa. Faki akakata mimea ya kutambaa iliyoikaba miti, akafungua nafasi popo wapate pa kurukia. Shaame akapita nyumba kwa nyumba, wawindaji wakamkabidhi nyavu zao kwa hiari. Miaka ikapita. Popo wakarudi, wakaijaza misufi, na maji yakarudi.

Wakala kiapo mbele ya kijiji kizima: miezi ambayo popo wanalea, shoka lisiguse mti wenye popo.

"Atakayevunja hili amenivunja mimi," alisema Mize. Wenzake wakaitikia.

Mwaka mmoja kiangazi kikawa kikali.

"Bi Mize," alisema Faki, "watu wanachoma mashamba karibu mno. Tukate njia ya kuzuia moto, ipite penye misufi."

"Pale pana mama, Faki, na watoto hawajajua kuruka. Ipitishe kwenye mianzi."

"Kwenye mianzi ni mbali. Kazi yake ni mara tatu."

"Basi tuanze leo."

Wakaanza. Kazi ikiwa bado, Mize akaitwa Wete; binti yake amejifungua. Aliondoka na moyo mweupe. "Nawaachieni, ndugu zangu," alisema.

Aliporudi, misufi ilikuwa imelala chini. Katikati ya matawi vilitapakaa vitoto vya popo, vingine vimekufa, vingine vikilia, na mama zao wakizunguka juu mchana kweupe. Mize aliokota kimoja, akakifunika kwa kanga yake. Kikamfia mkononi.

Akamwendea Faki. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Kule kwenye mianzi nisingewahi. Na Shaame alisema umeridhia."

"Nawe ukaamini?"

Faki akainamisha kichwa. "Nilitaka kuamini."

Shaame hakukana. "Watu walikataa kumsaidia Faki bila neno lako, dada. Nikawapa neno."

"Neno langu umelitoa wapi, Shaame, nami sikukupa?"

"Ungekuwapo ungekataa."

"Ndiyo maana mkangoja niondoke."

Tangu siku hiyo Mize hakuwaitikia salamu. Aliokuwa akila nao sahani moja, leo akiwaona njiani huchepuka. Kufiwa na popo aliweza kulia. Kusemewa na ndugu kulimkausha machozi.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, moto ukaja kweli. Ukatoka mashambani na upepo nyuma yake, ukala nusu ya msitu, ukafika pale palipokuwa na misufi. Shaame alikwishakusanya kijiji kizima kwa sauti yake, watu wakaupiga moto kwa matawi mabichi. Kwenye ile njia ya Faki, ukafa. Popo wakatawanyika kwa moshi. Waliporudi hawakuwa na misufi ya kulala. Wakatua kwenye mikuyu aliyoipanda Mize.

Kijiji kikaona msitu uwe na mlezi mmoja, mwenye neno la mwisho yeye na kizazi chake. Sheha, mkuu wa kijiji, akawaita wote watatu.

"Bila njia yangu," alisema Faki, "leo tungekuwa tunazungumza juu ya majivu."

"Bila watu niliowaita," alisema Shaame, "moto ungeruka hiyo njia."

Mize akasimama. "Moto ulikuja wakati ambao watoto wa popo wangekuwa wameshajua kuruka. Mngemaliza njia ya mianzi, tusingepoteza misufi wala roho zile."

"Na kama tusingeimaliza?" aliuliza Faki.

Mize akamgeukia Sheha.

"Nipeni msitu," alisema, "na hawa wawili wasikanyage humo. Mkimpa mmoja wao, jembe langu halitaingia tena."

Sheha akashika tama. Bila mkono wa Faki, mimea itaikaba miti. Bila ulimi wa Shaame, nyavu zitarudi. Bila jicho la Mize, nani atajua mti upi una mama?

Nami naishia hapo. Msitu unangoja, na neno ni lako, wewe unayenisikiliza: ungempa nani?