Uchakavu wa Daftari Si Ubovu wa Cherehani

"Uchakavu wa daftari si ubovu wa cherehani." Mmemsikia jirani yetu Mhina akimjibu hivyo mtu aliyemwambia babu yake hana kazi tena, mkanikimbilia kuuliza. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hapa hapa Muheza, na mjinga wa kisa chenyewe ni mimi bibi yenu.

Tulikuwa wanawake tisa tunashona sare za shule. Mkubwa wetu kwa umri alikuwa Bi Semeni. Alijiunga na kikundi kwa kutoa cherehani chake cha miguu, na macho yake yalivyofifia, hakuweza tena kushonea kingine. Hicho alikijua kwa vidole.

Mwaka huo tukamwita mhasibu, kijana Shemdoe, atutengenezee vitabu. Kitabuni, kwenye mstari wa cherehani kile, akaandika: "Uchakavu umekamilika. Thamani, sifuri."

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, na shule yangu iliishia darasa la nne. Neno chakavu nililijua kwa yule bwana wa mkokoteni anayepita akiita, "Vyuma chakavu!" Basi nikamwita aje akichukue. Nikajiona kiongozi kwelikweli.

Bi Semeni hakugomba. Alikifuta cherehani kwa upindo wa kanga, akachomoa sindano, akaniambia, "Basi mwanangu Nuru, na mimi naaga. Bila hiki nitakaa hapa nifanye nini?"

Nilisikia uchungu, lakini nikakaza shingo. Kitabu kimesema!

Cherehani kilikuwa kimeshafungwa kamba mkokotenini Shemdoe alipokuja kuchukua sahihi yangu.

"Mama mwenyekiti, kinakwenda wapi?"

"Si wewe uliyeandika kimechakaa?"

Akashika kichwa. "Ee mama! Uchakavu ni neno la hesabu. Kila mwaka kitu kinapofanya kazi, tunapunguza sehemu ya bei yake kitabuni. Hiki kimefanya kazi miaka mingi mpaka bei yote imekwisha kupunguzwa. Ndiyo sifuri hiyo."

"Kwa hiyo hukusema ni kibovu?"

"Mimi hata sikukigusa. Ubovu muulizeni mshonaji."

Sote tukamgeukia Bi Semeni. "Kishusheni," akasema. Akarudisha sindano, akapapasa uzi, akakanyaga. Kola ya shati la shule ikatoka imenyooka, akanitupia mapajani.

"Haya, mwenyekiti, soma na hiyo. Uchakavu wa daftari si ubovu wa cherehani."

Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nililia, nikamshika miguu nikamwomba radhi. Akaninyanyua, akasema, "Lete shati lingine, kazi inalala." Alishona miaka kumi na mmoja baada ya siku ile, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Siku hizi nikiinuka magoti yanalalamika, na nawaona mnavyonipokonya mwiko ati nipumzike. Nirudishieni mwiko wangu, wajukuu. Uchakavu wa daftari si ubovu wa cherehani.